Dola Milioni 880 na Kurasa 12,000

Jumuiya yetu husali Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na misibani. Jumamosi ile ya Oktoba 2024 tulikuwa kwa mama mmoja mjane: viti vya plastiki vya kuazima, mkeka wa watoto, chupa za chai zimepangwa pembeni zikisubiri tumalize litania. Katibu akasoma matangazo, nani amelazwa, nani hajamalizia mchango wa nyumba ya mapadre. Hapo kijana mmoja wa chuo, macho kwenye simu, akatamka kwa sauti ambayo nadhani hakuikusudia: "Jimbo Kuu la Los Angeles limekubali kulipa dola milioni 880 kwa watu walionajisiwa na mapadre utotoni."

Watu wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza hizo ni shilingi ngapi. Kijana akapiga hesabu: zaidi ya trilioni mbili.

Mzee mmoja, mtu mwema, ambaye hunikumbusha zaka yangu bila kunidhalilisha, akatikisa kichwa. "Si wameshalipwa hao? Wanataka nini tena?"

Chai ikamiminwa, mihogo ikapita, na habari ikaishia hapo.

Kwangu haikuishia. Kwa wiki kadhaa, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, nikiosha vyombo, nimejikuta nikibishana na mzee yule kimoyomoyo. Na shida ni kwamba kila nikipata jibu zuri, naye anapata lililo zuri zaidi.

## Bei ya kichwa

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyotutoa macho. Milioni 880 kwa walalamikaji 1,353 ni kama dola 650,000 kwa mtu. Mwaka 2007 jimbo hilohilo lilikubali kulipa milioni 660 kwa watu 508, yaani kama milioni 1.3 kwa mtu. Fungu limekua, mgawo umeshuka nusu. Toa pia ya mawakili, ambao Marekani kwa kesi za namna hii kwa kawaida huchukua theluthi au zaidi ya kinachopatikana.

Halafu hakuna anayepata wastani. Kila mmoja anapimwa.

Kupimwa kwenyewe kulinishika zaidi niliposoma habari za Ireland. Kule serikali iliunda bodi ya fidia kwa sheria ya mwaka 2002, kwa ajili ya watu walioteswa na kunajisiwa wakiwa watoto katika shule na makao, mengi yakiendeshwa na mabruda na masista. Zaidi ya watu 15,000 walilipwa. Walilipwa kwa alama. Ukali wa alichotendewa: 1 hadi 25. Maradhi ya mwili au akili yaliyothibitishwa na daktari: hadi 30. Madhara ya kisaikolojia na kijamii: hadi 30. Fursa alizozikosa maishani: hadi 15. Jumla 100. Ukipata 70 na kuendelea unaweza kufika euro 300,000. Chini ya 25, kikomo ni 50,000.

Isome tena polepole. Mtu mzima wa miaka sitini anasimulia mambo ambayo hajawahi kumwambia hata mkewe, na upande wa pili wa meza kuna watu wenye jukumu la kuyatia maksi. Aliyepata 24 anajua kwamba angekuwa na cheti kimoja zaidi cha daktari, au angesimulia lile alilolimeza, angevuka mstari.

Na akishalipwa, sheria ileile inamfunga: kutangaza habari za malipo yake kwa namna inayowatambulisha wahusika ni kosa la jinai.

Mzee wa jumuiya angeniambia: lakini alipata. Ni kweli. Sitaki kuwa miongoni mwa watu wenye mishahara wanaowafundisha wengine kwamba hela si kitu. Wapo waliokatisha shule, walioshindwa kudumu kwenye kazi yoyote, waliokunywa mpaka ndoa zikavunjika. Mshauri nasaha analipwa kwa saa. Kodi ya nyumba haipokei msamaha. Hela ya namna hii inaweza kumtoa mtu shimoni, na mwenye kuidharau aanze yeye kurudisha ya kwake.

Kwa hiyo ubishi wangu na mzee hauko kwenye hela. Ilinichukua muda kuliona hilo.

## Jumamosi kabla ya Jumatatu

Suluhu ya Los Angeles ya 2007 ilifikiwa Jumamosi tarehe 14 Julai. Jumatatu yake kesi ya kwanza ilikuwa ianze kusikilizwa, na Kardinali Roger Mahony alitarajiwa kuitwa kutoa ushahidi.

Hakuitwa.

Hicho ndicho ambacho suluhu nje ya mahakama hununua, na anayeielewa bei yake vizuri ni yule anayelipa. Hakuna kiapo. Hakuna wakili anayesimama na kuuliza: barua hii uliiandika wewe? Ulijua tangu lini? Ulimhamishia wapi? Maswali ambayo manusura ameyabeba miaka thelathini yanafungiwa ndani ya bahasha ileile iliyoletewa hundi.

Ila manusura wa Los Angeles hawakuwa wajinga. Waliweka sharti: mafaili ya mapadre waliotuhumiwa yafunguliwe. Hundi ziliandikwa mapema. Mafaili yaligombewa zaidi ya miaka mitano, na hata mwishoni jimbo lilitaka majina ya wakubwa yafutwe kwa wino mweusi. Januari 2013 jaji akakataa. Zikatoka zaidi ya kurasa 12,000.

Humo ndimo yalimokuwa mawasiliano ya miaka ya 1980 kati ya Mahony na msaidizi wake, Monsinyori Thomas Curry, wakishauriana namna ya kuwaweka mapadre mbali na washauri nasaha ambao wangelazimika kutoa taarifa polisi. Humo imo barua ya Mahony kwa kituo cha matibabu huko New Mexico, akitaka padre mmoja aendelee kukaa mbali na California kwa kuhofia kufunguliwa mashtaka. Ni lugha ya ofisini tu. Salamu, tarehe, sahihi.

Mwisho wa mwezi huo Askofu Mkuu José Gomez alitangaza kwamba Mahony hatakuwa tena na majukumu ya hadhara jimboni. Hakuna kiongozi wa jimbo aliyefikishwa mahakamani. Machi mwaka huohuo Mahony alikwenda Roma, akapiga kura ya kumchagua Papa.

Sasa nijibu: manusura walipata haki mwaka upi, 2007 au 2013?

Mimi nasema kama waliipata, basi kipande chake kikubwa kilikuja 2013, na hakikuongeza hata senti kwenye akaunti zao. Kwa mtu aliyeambiwa utoto wake wote kwamba anamsingizia mtumishi wa Mungu, karatasi inayoonyesha kwamba wakubwa walijua ni kitu kingine kabisa. Anaweza kumwekea mama yake mezani.

## Hela ya nani?

Hapa mzee ana hoja nzito, na alinibana kweli. Padre aliyetenda hana kitu. Askofu aliyemficha hatoi mfukoni mwake. Anayelipa ni bima, ni mikopo, ni viwanja vilivyonunuliwa kwa sadaka za bibi zetu. Gomez aliwaandikia waumini wake kwamba safari hii zitatumika akiba, vitega uchumi, mikopo na michango ya mashirika ya kitawa, na kwamba sadaka zilizotolewa kwa ajili ya parokia hazitaguswa. Sawa. Lakini akiba ya jimbo haikuota yenyewe.

Ireland ni mbaya zaidi. Mashirika 18 ya kitawa yalikubaliana na serikali mwaka 2002 kuchangia euro milioni 128, na yenyewe yakakingwa dhidi ya madai. Gharama yote ilifika kama bilioni 1.5. Iliyobaki ililipwa na mlipakodi, akiwemo mnajisiwa mwenyewe.

Na kuna ufundi wa kufilisika. Jimbo Kuu la Portland, Oregon, lilikuwa la kwanza Marekani, Julai 2004, kesi ikiwa mlangoni. Jimbo likiomba ulinzi wa mufilisi, kesi zote zinasimama, inawekwa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai, na manusura anaingia kwenye orodha ya wadai pamoja na benki na mwenye duka la vifaa vya ofisi. Milwaukee walifuata 2011. Miaka minne kabla, askofu mkuu wao wa wakati huo, Timothy Dolan, alikuwa ameomba ruhusa Vatikani ahamishie dola milioni 57 hivi kwenye mfuko wa makaburi, na katika barua yake akaeleza kwamba huko zingekuwa salama zaidi dhidi ya madai ya kisheria. Dolan amekana kwamba alikusudia kuwaficha manusura fedha. Alisema zilikuwa za kutunza makaburi siku zote. Suluhu ilipofikiwa 2015 ilikuwa milioni 21 kwa watu kama 330.

Fikiria umekaa na mgao huo mkononi, ukijua marehemu wa jimbo wamelindwa kuliko wewe.

Pamoja na hayo simwungi mkono mzee anaposema waumini wanaonewa. Taasisi iliyokula heshima ya jina lake kwa miaka mingi haiwezi siku ya deni kujigeuza mtu mmoja mmoja. Tulipokuwa tunasifiwa kwa shule na hospitali, tulisema "sisi Kanisa".

## Soni na Mirfield

Nimepita Soni mara nyingi. Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, basi husimama pale, kina mama wananyanyua vindoo vya mafyulisi na mapeasi hadi dirishani, maporomoko yanasikika chini. Sikujua, mpaka nilipoanza kusoma haya, kwamba pale palikuwa na shule ya mapadre wa Rosmini, St Michael's, walikosoma watoto wa Kiingereza enzi za mwisho za ukoloni na mwanzo wa uhuru. Mwaka 2011 BBC ilirusha simulizi za waliokuwa wanafunzi wa pale na wa shule nyingine ya shirika hilo Uingereza. Mmoja wa waliotajwa, Padre Kit Cunningham, alikuwa padre maarufu wa London, ana nishani ya Malkia. Kabla ya kufa, 2010, aliirudisha na kukiri kwa waliokuwa wanafunzi wake. Wanaume 22 walidai fidia.

Madai yalipelekwa Uingereza, na wanaume wenyewe walikuwa watu wa huko. Kilichotendeka kilitendeka Usambara, umbali wa kutembea kutoka barabara ya lami. Ningependa kujua kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuzunguka vijiji vya jirani na kuuliza.

Wamisionari Wakomboni nao tunawafahamu vizuri huku, Uganda na Kenya hasa. Huko Mirfield, kaskazini mwa Uingereza, walikuwa na seminari ndogo. Mwaka 2014 shirika lililipa jumla ya pauni 120,000 kwa wanaume 11 waliosema walinajisiwa pale wakiwa wavulana. Lililipa bila kukiri kosa. Mwaka uliofuata mmoja wao alisafiri hadi Verona, akamkuta padre aliyemtuhumu, mzee tayari, mtu aliyewahi kutumika Uganda. Alikwenda kumwambia amemsamehe. Shirika likamfungulia malalamiko ya jinai kwa kuingia kwenye nyumba yao. Yakatupwa.

Huyo alikuwa ameshalipwa. Angetaka hela angebaki nyumbani.

## Mabati

Yote hayo ni ya kwao. Huku kwetu nani amewahi kulipwa?

Wapo. Ila si waliotendewa.

Kuna mtu ninayemfahamu tangu tukiwa vijana. Ameniruhusu niandike hili bila kutaja kwao wala kanisa, ambalo si letu. Alikuwa darasa la tano. Mwalimu wa dini. Mama alipogundua, baba aliitwa, wazee wakaitwa, kikao kikakaa ndani mchana kutwa na yeye akatumwa kuchota maji. Jioni walikuwa wameyamaliza. Mwezi uliofuata nyumba yao ikavuliwa makuti ikaezekwa bati, bando moja na nusu, geji 30. Mwalimu alihamishiwa mkoa mwingine. Yeye akaendelea kulala chini ya yale mabati mpaka alipomaliza shule.

Nilimuuliza swali la mzee wa jumuiya, nikitarajia alaani hela. Akacheka.

"Ningelipwa mimi, na karatasi imeandikwa nalipwa kwa nini, ningepokea. Nani hapokei? Mimi sikupewa hata daftari."

Na sheria yetu ya Tanzania? Kifungu cha Kanuni ya Adhabu kuhusu kubaka kinatoa kifungo kisichopungua miaka thelathini, na kinaitaka mahakama iamuru mkosaji amlipe aliyetendewa fidia. Yaani tunamfunga mtu miaka thelathini, halafu tunamwambia alipe. Alipe kwa kazi ipi? Taasisi iliyomwajiri, iliyomhamisha, iliyojua, haimo kwenye hukumu. Ukitaka kuishtaki kwa madai, Sheria ya Ukomo inakupa miaka mitatu, kwa mtoto ikihesabiwa tangu anapokuwa mtu mzima. Ukifika ishirini na moja mlango umefungwa. California ilibidi itunge sheria maalumu, mara mbili, kufungua upya madai ya zamani; bila hizo, milioni 880 zisingekuwepo. Rafiki yangu aliweza kulisema jambo lake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na tisa.

## Padre aliyesingiziwa

Kilichonimalizia ubishi sikukitegemea.

Mei 2011 televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilirusha kipindi kilichomtuhumu Padre Kevin Reynolds, mmisionari wa shirika la Mill Hill aliyewahi kutumika Kenya, kwamba alimbaka msichana mdogo huko na kuzaa naye. Haikuwa kweli. Padre alikuwa ameomba kupimwa vinasaba kabla kipindi hakijarushwa, wakakirusha. Vipimo vikaonyesha mtoto si wake.

Angalia alichofanyiwa baada ya hapo. Alilipwa fidia. RTÉ ilimwomba radhi hewani, mbele ya watazamaji walewale. Msimamizi wa utangazaji aliitoza faini ya euro 200,000. Mfululizo wa vipindi ukafutwa. Uchunguzi ukafanyika na ripoti ikachapishwa, nani alikosea na kwa nini. Padre akarudishwa parokiani kwake.

Alistahili yote, na ningekuwa pale ningempigia makofi. Wala sikusikia mtu akimwambia: umeshalipwa, unataka nini tena?

Mwaka uleule, shirika lilelile, nchi ileile ya Kenya. Askofu Cornelius Schilder wa Ngong, Mholanzi wa Mill Hill, alikuwa ameng'atuka 2009, na sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Mwaka 2011 ndipo vyombo vya habari vya Uholanzi vikaeleza, na shirika likathibitisha, kwamba aliondolewa kwa tuhuma za kumdhulumu kijana wa Kimaasai. Miaka miwili waumini wa Ngong walikuwa wanamwombea apone.

Kumbe tunajua vizuri haki kamili inavyofanana. Tunajua kwamba hela ni kifungu kimoja, na vingine ni ukweli kutamkwa pale uongo ulipotamkwa, aliyefanya uzembe kuondoka kwenye kiti, na jina la mtu kurudishwa. Tunaijua tukimwonea padre.

## Kabati la askofu

Sheria za Kanisa, kanuni ya 489, zinataka kila jimbo liwe na hifadhi ya siri, au walau kabati lililofungwa barabara lisiloweza kuhamishwa. Kanuni ya 490 inasema ufunguo wake anao askofu peke yake. Na kila mwaka nyaraka za kesi za jinai za mambo ya maadili ziteketezwe, ikiwa mkosaji amekufa au imepita miaka kumi tangu ahukumiwe. Ubaki muhtasari mfupi na hukumu. Sheria hiyo ni ya Los Angeles, na ni ya Tanga, na ni ya Ngong.

Desemba 2019 Papa Fransisko aliondoa siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa Vatikani, kwenye kesi hizi. Mei mwaka huohuo, kwa waraka wa Vos estis lux mundi, alikuwa ameshaagiza kila jimbo duniani liwe na njia ya kupokea taarifa ambayo mtu wa kawaida anaifikia bila tabu.

Nimekwenda kuusoma ubao wa matangazo wa parokia yetu, kuanzia juu hadi chini. Ndoa zinazotangazwa mara ya pili. Ratiba ya usafi. Orodha ya zaka, jumuiya kwa jumuiya, hadi shilingi mia. Semina ya wajasiriamali. Jina la mtu wa kupelekewa taarifa halipo, wala namba ya simu.

Nimemwandikia barua katibu wa halmashauri ya walei. Nimeomba mambo mawili: jina na namba vibandikwe ubaoni, na kila atakayeleta malalamiko apewe nakala ya maandishi yake yenye tarehe na muhuri. Mzee wa jumuiya, nilipomwonyesha, aliisoma yote, akavua miwani, akauliza kama inaruhusiwa watu wawili kusaini. Akasaini.

Katibu amejibu kwa meseji. Kikao ni Jumapili ya tatu, baada ya misa ya pili, na hoja yetu imewekwa kwenye mengineyo.